Siku tatu Xiamen na mama mwenye magoti mabovu: nipange vipi?

bintimwambao

Assalaam alaykum, na habari zenu wote.

Oktoba ninakuja Guangzhou kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, awamu ya kwanza na ya pili. Ya kwanza inafungwa tarehe 19, ya pili inafunguliwa tarehe 23, na hapo katikati sitaki kushinda kwenye maghala nikibishana bei. Safari hii ninakuja na mama. Amezaliwa pwani, amezeeka pwani, na tangu nimwambie habari za China swali lake ni moja: bahari yao ikoje? Guangzhou nitamwonyesha mto tu. Kwa hiyo nimetazama ramani nikaipenda Xiamen, mji wa bahari mkoani Fujian.

Ninachoomba kwa wenyeji wa huko: treni au ndege? Kisiwa cha Gulangyu nimekiona pichani, kizuri mno, ila naona ngazi kila kona na nimesoma kwamba hakina magari. Mama ana miaka 67, magoti yamechoka, akitembea sana hutafuta pa kukaa. Tunakula halali tu, na mama hagusi chakula asichokijua. Mtu mwingine ameniambia nisikose nyumba za udongo za duara, nipande treni ya Nanjing, lakini kwenye ramani Nanjing naiona huko kaskazini mbali kabisa. Viza zetu ni za kuingia mara moja. Bajeti ni ya kawaida, ila kwa mama sitabana mkono.

mzigo_guangzhou

Dada karibu sana. Mimi ningekwambia usiende mbali. Nenda Shenzhen, treni ya haraka kutoka Guangzhou haifiki hata saa moja, halafu ufuo wa Dameisha. Mama anaona bahari, jioni mmerudi, biashara inaendelea. Wengi watakwambia uvuke Hong Kong: USIVUKE. Ukitoka kwenda Hong Kong umehesabiwa umetoka China, na viza ya kuingia mara moja imekwisha hapo hapo. Awamu ya pili utaisikia kwenye simu.

Ukishikilia Xiamen, basi usiache hizo nyumba za duara. Ziko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2008. Hakuna kitu kama hicho kwingine.

Tiketi za treni kata kwenye 12306, tovuti rasmi ya reli, zinafunguliwa siku 15 kabla. Pasipoti ndiyo tiketi yako, hakuna karatasi.

mkaaji_xiamen

Wa alaykum salaam dada, na nifikishie shikamoo kwa mama.

Nilikuja Xiamen kusoma, sasa ninafanya kazi ng'ambo ya maji, upande wa Jimei. Wageni wengi nimewapokea, na wanaorudi wakilalamika ni wale waliotaka kumaliza kila kitu. Hesabu vizuri hizo siku zako. Tarehe 20 asubuhi unasafiri, unafika mchana. Tarehe 22 jioni lazima uwe umerudi Guangzhou. Zilizobaki ni siku moja nzima na nusu mbili. Ukitia humo Gulangyu, nyumba za udongo, hekalu, chuo kikuu na soko la usiku, mama ataiona Xiamen akiwa amefumba macho kwenye kiti cha basi.

Kwa hiyo nyumba za udongo ziache. Kaka mzigo_guangzhou anasema kweli, ni ajabu: ukuta mmoja wa udongo ulioshindiliwa, ukoo mzima ndani yake, ghorofa tatu au nne. Lakini kwa gari kutoka Xiamen ni kama saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, barabara za milimani, na ukifika pale Tianluokeng mandhari inayopigwa picha iko juu na nyumba ziko chini, katikati ni ngazi. Kuhusu treni, umefanya vema kushtuka. Wilaya ya nyumba hizo nayo huandikwa Nanjing kwa herufi za Kilatini, iko Fujian hapa hapa. Ile Nanjing kubwa iko mkoa wa Jiangsu, mamia ya kilomita kaskazini. Wageni hukata tiketi ya huko wakagundua treni imeshaondoka.

Sasa njia. Chukua treni, usichukue ndege. Kutoka Guangzhou zipo za moja kwa moja, kati ya saa tatu na nusu na tano kutegemea treni na inapopitia. Angalia kituo cha kuondokea, maana Guangzhou ina vituo vingi na Guangzhou Nan si jirani wa Guangzhou Dong. Kwa mama lipa daraja la kwanza: viti viwili viwili kila upande, miguu inanyooka. Mizigo mikubwa iacheni hotelini Guangzhou.

Mtashuka Xiamen Bei. Kituo hicho kiko bara, mji wenyewe uko kisiwani. Hapo wenye teksi watakuiteni, lakini mimi ningempandisha mama metro ya laini namba 1, kwa sababu mtapandia karibu na mwanzo wake na inaishia Zhenhai Lu, mjini kabisa, bila kubadilisha. Ikishapita Jimei inatoka juu na kukatiza baharini. Maji dirishani, mashua za wavuvi, madaraja ya magari pembeni. Mama atakuwa ameiona bahari yake kabla hajafika hotelini. Msipande saa ya watu kwenda au kutoka kazini, viti havipatikani.

Lala karibu na Zhongshan Lu au karibu na Zhenhai Lu. Zhongshan Lu ni mtaa wa maduka yenye baraza: ghorofa ya juu imetokeza mbele, chini watu wanapita kivulini. Walioijenga wengi walikuwa wametoka Asia ya Kusini-Mashariki na fedha za biashara. Jioni ya kwanza hiyo inatosha. Tembeeni barazani pole pole mpaka ukingo wa maji, kaeni kwenye benchi, Gulangyu iko mbele yenu inawaka taa.

Tarehe 21, siku yako nzima, mtoe mama Xiamen umpeleke Quanzhou. Najua hukuuliza Quanzhou. Treni kutoka Xiamen Bei ni kama nusu saa. Kata tiketi ya kituo kinachoitwa Quanzhou tu. Kuna Quanzhou Dong na Quanzhou Nan kwenye reli mpya, na hivyo viko mbali na mji mkongwe. Kutoka kituoni chukua teksi hadi Tumen Jie, msikiti wa Qingjing.

Msikiti huo ulijengwa 1009, mwaka 400 Hijria, na ukakarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 1300 na mtu wa Shiraz. Lango ni la mawe, refu, lina matao yaliyochongoka ndani ya matao. Ukivuka unakuta ukumbi wa zamani hauna paa: kuta nene za matale zimesimama, madirisha yametazama barabarani, na aya za Qur'ani zimechongwa kwenye mawe. Mama atazisoma. Mchina mwenyeji aliyesimama kando yake huenda asiweze, yeye ataweza, kwenye ukuta wa miaka elfu, upande huu wa dunia. Ndiyo maana nasisitiza. Kando kuna ukumbi mpya wa kusalia. Na eneo lote ni tambarare.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita mji huu katika miaka ya 1340, akauita Zaitun, akaisifu bandari yake kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Ni yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. UNESCO iliuingiza mji kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2021, na ilichoangalia ni biashara hiyo ya bahari.

Kutoka msikitini mwendo mfupi wa teksi kuna hekalu la Kaiyuan, lenye minara miwili ya mawe, kila mmoja zaidi ya mita 40. Minara itazameni kutoka chini inatosha. Katika uwanja wa hekalu kuna jengo lenye mabaki ya jahazi la enzi ya Song, lililofukuliwa kwenye tope la ghuba mwaka 1974. Lilikuwa na vyumba 13 vilivyotengwa kwa mbao, ili kimoja kikivuja vingine viendelee kuelea, na ndani walikuta pilipili manga, mbao za udi na ambari. Mama kama baba yake au ndugu zake walikuwa watu wa bahari, mpe muda hapo, asisukumwe.

Akiwa bado ana nguvu, kuna kilima cha Lingshan chenye makaburi mawili ambayo wenyeji wanasema ni ya wanafunzi wa Mtume. Pale kuna jiwe lililoandikwa kwamba Zheng He, amiri wa misafara ya meli za China, alizuru mwaka 1417 kuomba salama kabla ya kutweka. Safari yake hiyo ndiyo iliyofika pwani ya Afrika Mashariki. Kuna ngazi kiasi, kwa hiyo amua ukimtazama usoni.

Gulangyu ifanye asubuhi ya tarehe 22, mapema kabisa. Boti za watalii za mchana zinaondokea Dongdu, kwenye kituo cha meli za abiria, na si pale karibu na Zhongshan Lu unapokiona kisiwa mkononi. Hapo pa karibu mchana ni pa wenyeji wa kisiwa. Watalii wanaruhusiwa jioni, kawaida kuanzia 17:50, yaani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Tiketi ya kawaida ni yuan 35 kwenda na kurudi, mwendo wa dakika 20, na unakata kwa namba ya pasipoti. Idadi ya watu kwa siku ina ukomo, hivyo kata siku kadhaa kabla. Boti ya saa moja au saa mbili asubuhi ni kitu kingine kabisa na boti ya saa nne. Saa nne vikundi vyenye bendera vimeshafika, vichochoro vimejaa, na mtu mwenye fimbo anapigwa vikumbo.

Kweli hakuna magari wala baiskeli. Ila kuna vigari vya umeme vinavyozunguka ukingo wa kisiwa, mama apande hivyo. Mshushe karibu na bustani ya Shuzhuang, iliyojengwa 1913 na tajiri aliyehama Taiwan baada ya Japani kuichukua. Kuna daraja la mawe linalopindapinda juu ya maji, mawimbi yanagonga chini ya miguu, na pa kukaa papo. Jabali la Riguang Yan lenye mita 92.7 mwambie ni la kutazamwa. Wewe ukitaka kupanda, muache na chai yake bustanini. Saa tano mnaondoka, saa tisa mko kwenye treni. Soma tiketi ya kurudi: Xiamen iko kisiwani, Xiamen Bei iko bara.

mzigo_guangzhou

Kaka umeandika vizuri lakini unamtoa mtu Guangzhou aje Xiamen, halafu siku yake nzuri unampeleka mji mwingine! Xiamen atasema ameiona?

Na hoteli, waambie ukweli. Mimi nilishawahi kufika saa tano usiku kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu, nimeshalipa kwa simu, wananiambia hawawezi kuandikisha mgeni wa nje. Na mizigo yangu mlangoni.

mkaaji_xiamen

Ataiona jioni ya kwanza na asubuhi ya mwisho, ambazo ndizo saa nzuri za Xiamen. Mchana ni mji mkubwa wenye magari kama miji mingine. Quanzhou ina kitu cha mama, na huyu mama ndiye tunayempangia.

Hoteli umesema jambo la maana. Kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na hoteli ndiyo inayofanya hivyo. Nyumba ndogo nyingi wahudumu hawajui kusajili pasipoti ya nje, ndipo wanapokukatalia. Dada, chagua hoteli ya kawaida yenye mapokezi ya saa zote, na kabla ya kulipa waandikie uwaulize kama wanapokea pasipoti yako. Jibu lao lihifadhi kwenye simu.

bintimwambao

Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea mama habari za msikiti. Amekaa kimya, kisha ameuliza kama ataruhusiwa kusali hapo rakaa mbili. Nadhani uamuzi umeshafanyika!

Nimebakiwa na haya: chakula, hamjaniambia. Vyoo, maana hawezi kuchuchumaa. Na malipo, nasikia fedha taslimu hazitakiwi tena. Hali ya hewa nayo, nimesoma habari za vimbunga nikaogopa.

mama_wa_wawili

Mdogo wangu, la vyoo nikujibu mimi, wanaume hawa hawatakwambia. Vyoo vya umma vipo tele na vingi ni visafi, bure, lakini vingi ni vya kuchuchumaa. Tafuta mlango wenye alama ya kiti cha magurudumu, humo ndimo kuna choo cha kukaa na vyuma vya kushikilia. Vituo vya treni na metro vinavyo. Kwenye treni ya haraka pia kuna behewa lenye choo kipana cha kukaa, mwoneshe mhudumu magoti, atawaelekeza. Tembea na karatasi zako na chupa ndogo ya maji, mara nyingi ndani hakuna chochote.

Beba na chupa ya kuhifadhi moto. Kila kituo na kila treni ina mashine ya maji ya moto, bure. Mama atie majani yake ya chai na iliki yake, atajiona yuko nyumbani. Na mkasi au kisu kidogo usikiweke mkobani, vituoni mizigo inapita kwenye mashine na huenda wakakichukua.

Mimi mama yangu nilimnunulia kigoda chepesi cha kukunja kwenye duka la mtaani. Kilikuwa msaada kuliko dawa zote.

mkaaji_xiamen

Ahsante dada kwa hayo, hasa kigoda. Kwenye foleni ya boti kitamsaidia sana.

Rakaa mbili: mwambie mama amuulize mlinzi kwa upole pale langoni, ukumbi mpya ndio unaosaliwa. Mavazi yake ya kawaida yanatosha.

Chakula nitakwambia wazi, Fujian si rahisi kwa anayekula halali. Nguruwe yumo hata pasipoonekana, kwenye mafuta na kwenye supu. Kuna tambi za shacha, supu ya karanga na viungo yenye asili ya upande wa Malaya na Indonesia; harufu yake itamvuta mama kutoka mbali, lakini sufuria moja hupikiwa kila kitu, maini na matumbo ya nguruwe humo humo. Chapati ya mayai na chaza wadogo nayo mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Pita tu.

Mnakokula ni kwenye maduka ya tambi za kuvutwa za watu wa Lanzhou na Qinghai, yako karibu kila mtaa. Tafuta maandishi 清真, yaani halali, juu ya mlango, aghalabu ubao ni wa kijani. Supu safi ya ng'ombe, tambi zinavutwa mbele ya macho yako: donge la unga linakuwa kamba mbili, nne, nane, mpaka nyuzi, na ukimwambia mpishi atakufanyia nene au nyembamba. Mama anayekataa asichokijua ataona mwenyewe kila kinachoingia bakulini.

Mahali pa pili ni mgahawa wa hekalu la Nanputuo, kusini mwa kisiwa, jirani na Chuo Kikuu cha Xiamen. Hawapiki nyama yoyote, ni chakula cha watawa wa Kibudha. Baadhi ya sahani zimetengenezwa zionekane kama nyama, mtahadharishe mapema asishtuke. Kama siku ya kwanza mmefika mapema na hajachoka, kuleni hapo kisha mkatazame machweo ufuoni Baicheng, ni hapo karibu. Chuo chenyewe wageni lazima waandikishe kabla, hivyo kiacheni. Kilianzishwa 1921 na Tan Kah Kee, mzaliwa wa Jimei aliyepata mali Singapore kwa biashara ya mpira, na fedha zake nyingi zikaishia kwenye shule. Majengo yake yana kuta za Kizungu na mapaa ya Kichina yaliyopinda, utayaona kwa nje.

Malipo: kabla hujapanda ndege pakua Alipay na WeChat, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, piga picha ya pasipoti, maliza uthibitisho ukiwa nyumbani. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mkupuo hayakatwi ada. Yakizidi hapo, kadi ya nje hukatwa asilimia 3. Ndani ya Alipay humo humo unaita teksi za Didi. Taslimu bado ni halali, ila beba noti ndogo ndogo, mwenye tambi hana chenji ya 100. Google na WhatsApp hazifunguki kwa mtandao wa huku, kwa hiyo njoo na laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya nje au eSIM ya wasafiri. Ramani tumia Amap.

Hali ya hewa usiogope. Vimbunga ni vya Julai hadi Septemba zaidi. Kile kikubwa cha 2016, Meranti, kilitua hapa tarehe 15 Septemba, kiling'oa miti mji mzima. Mwishoni mwa Oktoba joto ni la kupendeza, mvua chache, ila upepo wa kaskazini-mashariki umeshaanza, na kwenye boti asubuhi unapenya. Mama awe na mtandio mzito. Uzuri mwingine, mapumziko ya taifa ya tarehe 1 hadi 7 Oktoba yatakuwa yamepita, bei za vyumba zimeshuka.

Moja la mwisho: mkiwa ufuoni mtaona visiwa mbele, na mtu atawauzia tiketi ya meli kwenda Kinmen. Kinmen iko chini ya Taiwan. Kwa viza yako ni sawa na ile ya Hong Kong, usipande. Boti za kuzunguka tu kutazama bila kushuka hazina shida.

bintimwambao

Nimekata treni ya tarehe 20 saa mbili asubuhi, daraja la kwanza, viti viwili vya pamoja, kimoja dirishani. Quanzhou pia nimekata, kituo cha Quanzhou tupu kama ulivyosema. Kaka, tarehe 21 iangukie siku yoyote ni sawa, au kuna siku huko wanafunga?

mkaaji_xiamen

Msikiti na hekalu ni kila siku. Jumba la makumbusho ya bahari la Quanzhou, lenye mawe ya makaburi ya Waislamu wa zamani yaliyoandikwa Kiarabu, hufungwa Jumatatu. Ikiwa si Jumatatu, liongeze baada ya chakula cha mchana: lina viti, na kuingia ni bure ukiwa na pasipoti.